Kushika Mstari: Mwongozo wa Baiskeli, kutoka Safari ya Kazini hadi Mashindano ya Kwanza

Anayeanza kwenda kazini kwa baiskeli kwa kawaida huogopa kugongwa kwa nyuma, na hofu hiyo humfanya ajibane ukingoni mwa lami, achomoke kulikwepa gari lililoegeshwa, kisha arudi tena ukingoni, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa safari. Nami niliendesha hivyo kwa miezi mingi, nikiamini kwamba kadiri ninavyojificha ndivyo ninavyozidi kuwa salama. Nilikosea. Dereva humpisha mtu anayemwona na ambaye mwendo wake anaweza kuukisia, na anayetokeza na kutoweka kila baada ya mita 20 hamwezeshi dereva kufanya lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo karibu kila nitakaloeleza hapa linarudi kwenye jambo moja, nalo ni kushika mstari, yaani kuendesha kwa njia iliyonyooka na inayotabirika. Tabia hiyo ndiyo itakayokufikisha kazini ukiwa mzima, na ndiyo hiyohiyo itakayowafanya wenzako wakukubali siku utakapojipanga nao kwenye mashindano.

Kabla ya kutoka

Anza na tairi. Shinikizo la juu kabisa linaloruhusiwa huandikwa ubavuni mwa tairi, lakini hicho ni kikomo tu, na si lazima ukifikie. Tairi jembamba la milimita 25 linalombeba mtu wa uzito wa kati huhitaji takriban psi 80 hadi 90 (psi ni kipimo cha shinikizo kinachosomwa kwenye pampu) likiwa na tyubu ndani, ilhali tairi nene la njia za vumbi huweza kutosheka na psi 30. Lililojazwa kupita kiasi hurukaruka juu ya kokoto na kupoteza mshiko, na lililolegea huiacha rimu iibane tyubu kwenye ukingo wa shimo hadi itoboke matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona matundu ya namna hiyo, usiitafute miiba, kwa sababu kilichokosekana ni upepo.

Breki hujaribiwa kwa mikono kabla ya kujaribiwa barabarani. Bana breki ya mbele kisha isukume baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka kabla mkono wa breki haujaukaribia usukani. Fanya vivyo hivyo kwa breki ya nyuma, ambapo gurudumu linapaswa kuburuzika bila kuzunguka. Cheni nayo hutiwa tone moja la mafuta kwa kila pingili, huku ukizungusha pedali kinyumenyume, na baada ya dakika chache hufutwa kwa kitambaa hadi ionekane karibu kavu. Mafuta yanayobaki nje hunasa vumbi, na vumbi lililokolea mafuta husaga meno ya gia kama msasa.

Kimo cha kiti hupuuzwa na wengi, na magoti ndiyo yanayolipa. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na urekebishe kiti hadi mguu unyooke wote. Ukishahamishia sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litapinda kidogo kama inavyotakiwa. Anayependa hesabu anaweza kutumia ile iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu: pima urefu wa ndani wa mguu kutoka sakafuni hadi msambani, uzidishe kwa 0.883, na utapata umbali kutoka katikati ya ekseli iliyo ndani ya fremu, ile inayozungushwa na mikono ya pedali, hadi juu ya kiti.

Kuhusu vifaa, Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968, ambao nchi nyingi zimeuridhia, unataka baiskeli iwe na breki inayofanya kazi, kengele inayosikika, kiakisi chekundu nyuma, na uwezo wa kuonyesha mwanga mweupe au wa manjano mbele na mwekundu nyuma. Helmeti ivae ikiwa imelala sawa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda uwe umekaza kiasi cha kukuacha ufungue kinywa. Ikishaanguka nawe mara moja, ibadilishe hata kama haionyeshi ufa, kwa kuwa povu lake gumu hufanywa lipondeke mara moja tu.

Mahali pako barabarani

Mkataba huohuo unamhesabu mwendesha baiskeli kuwa dereva, na mengi hufuata kutokana na hilo. Taa nyekundu inakuhusu, alama ya kusimama inakuhusu, na unaendesha upande uleule wa magari. Wapo wanaoona ni salama zaidi kwenda kinyume na magari kwa sababu wanayaona yanavyokuja. Hesabu inawakatalia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likikutana nawe unayekwenda 20 kutoka mbele, mwendo wa kukaribiana ni 70. Likikufuata kwa nyuma, ni 30 tu. Kibaya zaidi, dereva anayetoka barabara ndogo hutazama upande ambao magari hutokea, na wewe unamjia kutoka upande ambao hana sababu ya kuutazama.

Umbali kutoka ukingoni ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote. Jibu fupi ni mita moja, na jibu refu hutegemea upana wa njia. Chukua njia yenye upana wa mita 3. Gari dogo huchukua karibu mita 1.8, usukani wako huchukua karibu mita 0.6, na nafasi ya kupitana kwa usalama ni mita 1.5. Ukijumlisha unapata mita 3.9, ambazo njia hiyo haina. Ukijibana ukingoni katika njia kama hiyo, unamwonyesha dereva mwanya unaodanganya, naye atajaribu kuupita, akikupa sentimita 40 badala ya mita moja na nusu. Ukikaa katikati ya njia, ataona mapema kwamba lazima angoje au ahamie njia ya pili. Fanya hivyo pale panapobana, na ukifika penye upana sogea pembeni umpishe, tena mwinulie mkono kumshukuru. Sheria za nchi kadhaa zimeweka umbali wa kupitana kwa tarakimu: Ufaransa inataka mita 1 mjini na 1.5 nje ya mji, na Ujerumani tangu mwaka 2020 inataka 1.5 mjini na 2 nje ya mji.

Magari yaliyoegeshwa yanahitaji tahadhari ya peke yake. Mlango wa gari dogo ukifunguliwa wote hufika karibu mita moja, na anayeufungua mara nyingi bado anatafuta mkoba wake wakati mkono wake umeshasukuma. Pita umbali unaozidi mlango huo, hata kama walio nyuma yako wanapiga honi, kwa sababu mwenye honi amekwisha kukuona, ilhali mwenye mlango hajakuona. Kadiri unavyokaribia, tazama kupitia kioo cha nyuma cha kila gari: kichwa kwenye kiti cha dereva, taa za breki zinazozimika, tairi la mbele lililoanza kupinda. Na usiingie katika mapengo yaliyo kati ya gari moja lililoegeshwa na jingine. Hapo ndipo mstari hukatika, na kila kurudi barabarani ni kama kuingia upya kutoka kichochoroni.

Ili kushika mstari na wakati huohuo kujua kilichoko nyuma, ni lazima ujifunze kutazama nyuma bila kuyumba. Karibu kila anayeanza huuvuta usukani kuelekea anakotazama, bila kujua. Tafuta uwanja mtupu wenye mstari uliochorwa chini, uendeshe juu yake taratibu, legeza viwiko, kisha zungusha kidevu hadi kiguse bega huku mabega yenyewe yakibaki yalivyo. Hesabu moja, rudisha macho, uone gurudumu liko wapi. Mara za kwanza litakuwa nusu mita nje ya mstari. Baada ya siku chache za dakika kumi kumi litabaki juu yake, na hapo ongeza ishara ya mkono: tazama, nyoosha mkono, rudisha mkono kwenye usukani, tazama tena, ndipo ugeuke. Anayenyoosha mkono na kugeuka papo hapo ametoa taarifa ya jambo ambalo tayari amelifanya.

Makutano na malori

Kugongwa kwingi mjini hutokea pale njia zinapokutana, na kwa hiyo hapo ndipo uangalifu unapaswa kuongezeka. Macho ya dereva yanaweza kukudanganya, kwani mtu anaweza kukutazama bila kukutambua. Mimi hutazama gurudumu lake la mbele. Sehemu ya juu ya gurudumu husogea kwa mwendo ulio mara mbili ya ule wa gari lenyewe, hivyo gari linapoanza kuondoka, gurudumu hulisaliti kabla bodi halijaonekana kusogea. Wakati huo vidole vyako viwe tayari juu ya breki.

Kuhusu lori nitasema kwa mkazo, kwa kuwa kosa hapa halina nafasi ya kurekebishwa. Usijipenyeze kamwe kati ya lori na ukingo wa barabara kwenye makutano, hata likiwa limesimama, hata taa ikiwa nyekundu, hata ukiona njia ya baiskeli imechorwa papo hapo. Lori linapogeuka, magurudumu yake ya nyuma hayafuati alama za yale ya mbele; hukata kona kwa ndani, na nafasi uliyokuwa umesimama ikiwa na upana wa mita mbili hupungua hadi kukosekana. Dereva hawezi kukuona hapo wala chini ya kioo chake cha mbele. Kipimo ni chepesi: usipouona uso wake kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Baki nyuma yake, ungoje.

Breki, mvua na giza

Ukienda kilomita 20 kwa saa unapita mita 5.6 kila sekunde, na hiyo sekunde moja ndiyo unayoitumia kushtuka tu, kabla breki haijaanza kushika. Kwenye mteremko ukifika 40, utapita mita 11 kwa mshtuko uleule, na umbali wa kusimama baada ya hapo utakuwa mara nne, kwa sababu nguvu ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwani uzito mwingi huhamia mbele unapopunguza mwendo. Wengi huiogopa kwa hofu ya kupinduka. Dawa yake ni kuibana kwa kuongeza nguvu polepole huku ukirudisha nyonga nyuma ya kiti na kunyoosha mikono, na hilo nalo hufanyiwa mazoezi uwanjani, mara ishirini au thelathini, hadi mwili ulizoee.

Mvua hubadilisha sakafu. Mistari iliyopakwa rangi, mifuniko ya chuma ya mitaro na reli huteleza kama sabuni, hivyo ivuke ukiwa umenyooka, bila breki na bila kukata kona. Reli ivuke kwa pembe iliyo karibu na mraba, la sivyo itaimeza tairi. Breki zinazobana rimu huchelewa kushika zikilowa, maana lazima kwanza zifute maji, basi ziguse mapema zaidi ya kawaida. Usiku, pamoja na taa, funga mkanda wa kuakisi kwenye vifundo vya miguu. Kitu kinachopanda na kushuka humwambia dereva papo hapo kwamba yuko binadamu mbele yake, ilhali nukta moja iliyotulia inaweza kuwa chochote.

Pancha ikikupata, toka kabisa barabarani kabla ya kufungua gurudumu. Baada ya kutoa tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi zima, ukivikandamiza kidogo tu ili usijikate. Utahisi ncha ya waya au mwiba mdogo kuliko punje ya mchele, na usipouondoa, tyubu mpya itatoboka kabla hujafika kona ya pili. Tia upepo kidogo kwenye tyubu kabla ya kuirudisha, ili isijikunje chini ya tairi.

Kuendesha katika kundi

Anayetaka kushindana aanzie kwenye kundi la mazoezi, wala si kwenye mashindano. Kuanzia mwendo wa kilomita 25 hivi kwa saa kwenye barabara tambarare, kinachokuchosha zaidi ni hewa, na nguvu ya kuikata huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Anayekaa nyuma ya mwenzake kwa ukaribu huokoa robo, wakati mwingine hata theluthi, ya nguvu hiyo. Mchezo mzima wa mbio za barabarani umesimama juu ya jambo hilo: nani anakata upepo, nani anajificha, na kwa muda gani.

Ukaribu huo una masharti. La kwanza ni kutoruhusu gurudumu lako la mbele lipishane na la nyuma la mwenzako. Mimi nililisikia sharti hilo mara nyingi kabla ya kulielewa. Siku moja nilisogea pembeni kidogo kutazama mbele, aliyenitangulia akakwepa jiwe, gurudumu lake likagusa langu kwa mlio mwembamba kama wa karatasi inayochanwa, na kabla sijafikiri lolote nilikuwa chini. Yeye hakuhisi kitu. Anayegusa kwa mbele ndiye huanguka, kwa sababu usukani wake umezuiwa, na baiskeli isiyoweza kugeuzwa hata kidogo haiwezi kusimama wima.

Kwa hiyo anza ukiwa umbali wa mita moja, na upunguze kadiri unavyozoeana na aliye mbele yako. Usikodolee macho tairi lake. Tazama juu ya bega lake, kwa aliye mbele yake, na tairi utaliona kwa pembe ya jicho. Usishike breki ghafla. Ukihitaji kupunguza mwendo, acha kukanyaga au nyanyua kifua hewani. Unaposimama juu ya pedali, kanyaga kwa nguvu kidogo kwanza, kwa kuwa baiskeli hurudi nyuma sentimita kadhaa chini yako na aliye nyuma hupoteza nafasi hiyo. Ikifika zamu yako ya kuongoza, usiongeze kasi, maana kasi mpya huwavunja walio mkiani, ambao tayari wanahangaika. Shimo au kokoto vioneshe kwa mkono na kwa sauti, mapema, na ukizunguke kitu hicho kwa upinde mpana badala ya kuruka pembeni.

Siku ya mashindano

Mbio zipo za aina nyingi, na uchaguzi wa aina ya kwanza una uzito. Mbio dhidi ya saa, ambazo kila mmoja huanza peke yake kwa kupishana muda, mara nyingi dakika moja, humfaa anayeanza: hakuna kundi, na kujificha nyuma ya mwenzako ni kosa linaloadhibiwa. Mbio za barabarani huhitaji uzoefu wa kundi. Mbio za mizunguko mifupi mjini ni kali kuliko zote kwa anayeanza, kwa kuwa kila kona hulivuta kundi kama mpira, na walio nyuma hulazimika kukimbia upya kila wanapotoka kwenye kona. Katika kona hizo maliza kubana breki kabla hujaingia, shusha pedali iliyo upande wa nje na uikandamize kwa uzito wako, elekeza macho unakotokea, na ufuate upinde uleule wa aliye mbele yako bila kumkatia kwa ndani.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, UCI, lilianzishwa mwaka 1900, na baadhi ya kanuni zake zimeandikwa baada ya misiba. Helmeti zilifanywa kuwa za lazima kwa wakimbiaji wa kulipwa mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kufariki kwa jeraha la kichwa alilolipata katika mbio za Paris–Nice za mwaka huo. Tangu Aprili 2021 ni marufuku pia kukaa juu ya bomba la fremu unaposhuka mlima, mkao ambao vijana wengi bado wanauiga kutoka kwenye video za zamani. Soma kanuni za waandaaji kabla ya siku yenyewe, hasa kuhusu mstari wa katikati ya barabara: ikiwa magari hayajazuiwa, kuuvuka humaanisha kuondolewa, na inastahili hivyo.

Asubuhi ya mashindano fika mapema kiasi cha kuupitia mzunguko mara moja kwa mwendo wa taratibu, ukiangalia mashimo, matuta na upande upepo unakotoka. Pasha mwili joto kwa dakika 15 hadi 20, zaidi kadiri mbio zinavyokuwa fupi, kwa sababu mbio fupi huanza kwa kasi kubwa. Zikizidi saa moja na nusu, kula wanga wa gramu 30 hadi 60 kila saa, na uanze kula kabla ya kuhisi njaa, kwani njaa ikishafika miguu huwa imeshaishiwa. Namba ifunge kwa pini kwenye pembe zote, ikiwa imelala, isije ikapiga kelele kwenye upepo na kukuchosha bure.

Lengo la mbio za kwanza liwe moja: kumaliza ukiwa ndani ya kundi. Kaa katika theluthi ya mbele, ambako kuanguka ni kwa nadra na kasi haibadilikibadiliki sana. Ukijikuta kwenye mita 200 za mwisho ukiwa bado na nguvu, kimbia, lakini mbele tu. Kanuni za UCI zinakataza kabisa mkimbiaji kuuacha mkondo aliouchagua alipoanza kukimbilia mwisho na kumhatarisha mwenzake, na waamuzi humshusha nafasi anayeyumba hata kama amevuka wa kwanza. Mstari ulioufanyia mazoezi uwanjani, ukitazama nyuma bila kuvuta usukani, ndio unaohitajika hapo, safari hii ukiwa na mapigo ya moyo yanayokaribia kikomo.

Ukimaliza, endelea kukanyaga taratibu kupita mstari wa mwisho, usisimame ghafla mbele ya wanaokuja. Jioni rudisha taa na kengele ulizofungua asubuhi, kagua tairi lote kwa vidole utafute vipande vya glasi vilivyojichimbia, na ujaribu tena breki zote mbili kwa kuisukuma baiskeli, maana kesho asubuhi utaihitaji kwenda kazini.